Kicheko na kilio: namna filamu za Maangamizi ya Wayahudi zinavyochanganya ucheshi na tanzia

Kwa zaidi ya miaka 80, baadhi ya waongozaji wa filamu wamejaribu kuwasilisha mateso ya Wayahudi chini ya utawala wa Kinazi kwa njia ambayo wengi hawakuitarajia: vichekesho. Wapo waliotunukiwa tuzo za juu kabisa duniani, wapo waliolaumiwa kwa kuwadhihaki wafu, na yupo mmoja aliyeificha kazi yake hadi alipofariki dunia. Mjadala kuhusu filamu hizo unazidi kuwa na uzito kadiri manusura wa mwisho wanavyoaga dunia, kwa kuwa vijana wengi sasa huyajua yaliyotokea kupitia skrini, wala si kupitia kinywa cha mtu aliyeyaona.

Kwa nini kicheko kinatia shaka

Maangamizi ya Wayahudi, ambayo lugha nyingi huyaita Holokosti na ambayo kwa Kiebrania huitwa Shoah, yaligharimu maisha ya Wayahudi wapatao milioni sita. Takriban milioni moja na nusu kati yao walikuwa watoto. Katika kambi ya Auschwitz pekee, iliyojengwa kwenye ardhi ya Poland iliyokuwa imetekwa na Ujerumani, waliuawa watu wapatao milioni 1.1, na walio wengi kabisa walikuwa Wayahudi. Watoto wadogo waliofikishwa huko kwa treni, kwa kawaida pamoja na mama zao, walipelekwa kwenye vyumba vya gesi siku ileile ya kuwasili.

Mbele ya ukweli wa namna hiyo, hata sanaa yenye heshima kubwa iliulizwa maswali. Mwaka 1951 mwanafalsafa wa Kijerumani Theodor Adorno alichapisha kauli kwamba kuandika ushairi baada ya Auschwitz ni ushenzi, kauli ambayo baadaye aliilegeza lakini ambayo haijasahauliwa. Mwongozaji wa Kifaransa Claude Lanzmann, katika filamu yake Shoah ya mwaka 1985 inayochukua zaidi ya saa tisa, alikataa kutumia waigizaji na hata picha za zamani. Alitegemea ushuhuda wa watu waliokuwapo na mandhari ya mahali palepale, kwa sababu aliamini kwamba jambo hilo haliwezi kuigizwa bila kupotoshwa.

Ikiwa ushairi na maigizo ya kawaida yalitiliwa shaka kiasi hicho, haishangazi kwamba vichekesho vilitazamwa kwa jicho kali zaidi. Hofu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kicheko kinapunguza uzito wa kifo. Ya pili ni kwamba filamu ya kubuni inayotia chumvi au kuficha mambo inaweza kuwapa nafasi wale wanaokanusha kwamba mauaji hayo yalitokea.

Mtani na jembe lake

Msomaji wa Kiswahili ana njia yake ya kulielewa swali hili. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki, hasa nchini Tanzania, mtani huja msibani akafanya mzaha mbele ya wafiwa. Humwiga marehemu alivyokuwa akitembea, hudai deni ambalo hakuna anayelijua, na pengine huzuia mwili usitoke nyumbani hadi apewe chochote. Wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, na hakuna anayeona kwamba marehemu amevunjiwa heshima.

Hata hivyo, ruhusa hiyo haitolewi bure. Mtani huyohuyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe na kuchimba kaburi, na ndiye anayesimama bega kwa bega na wafiwa hadi mazishi yaishe. Mzaha wake unavumilika kwa sababu haukani kifo. Anayeutoa ameshiriki kazi ya kuzika.

Filamu zinazochanganya futuhi na tanzia kuhusu Maangamizi ya Wayahudi zinaweza kupimwa kwa kipimo hicho. Swali linalofaa si kama mtazamaji alicheka. Swali ni kama filamu, baada ya kumchekesha, ilimrudisha kwenye kaburi, au ilimwacha aende nyumbani akidhani kwamba kaburi halikuwapo.

Kabla dunia haijajua

Mfano wa mwanzo unaotajwa sana ni The Great Dictator, yaani Dikteta Mkuu, ya Charlie Chaplin. Chaplin alizaliwa London mwezi Aprili 1889, siku nne kabla ya Adolf Hitler, na wote wawili walijulikana kwa masharubu yanayofanana. Katika filamu hiyo, iliyoanza kuonyeshwa New York Oktoba 1940, Chaplin anaigiza nafasi mbili: dikteta aitwaye Adenoid Hynkel na kinyozi wa Kiyahudi anayeonewa na askari wa dikteta huyo. Hynkel anacheza na dunia iliyotengenezwa kama puto hadi puto hilo linapompasukia usoni. Mwishoni kinyozi anadhaniwa kuwa dikteta, anapandishwa jukwaani kuhutubia umati, na hapo vichekesho vinakoma ghafla. Chaplin anazungumza kwa dakika kadhaa, moja kwa moja kwa mtazamaji, akitetea utu.

Filamu hiyo ilitengenezwa kabla ya kambi za maangamizi kuwapo. Kambi ya mateso ya Dachau ilifunguliwa mwaka 1933, lakini Chelmno, ya kwanza iliyotumiwa mahsusi kwa mauaji ya halaiki kwa gesi, ilianza kazi Desemba 1941. Katika kumbukumbu za maisha yake zilizotoka mwaka 1964, Chaplin aliandika kwamba laiti angeujua unyama halisi wa kambi hizo, asingeweza kuitengeneza filamu hiyo. Kauli hiyo imekuwa kama alama ya mpaka: wapo wanaoamini kwamba baada ya mwaka 1945 hakuna aliyekuwa na haki ya kurudia alichokifanya.

Ernst Lubitsch, Myahudi mzaliwa wa Berlin aliyehamia Hollywood mwaka 1922, alitoa filamu yake To Be or Not to Be mapema mwaka 1942. Kichwa hicho kimetokana na maneno mashuhuri ya Hamlet katika tamthilia ya Shakespeare. Inahusu kundi la waigizaji wa Warsaw wanaotumia mavazi na ujanja wa jukwaani kuwahadaa Wanazi. Januari 20 mwaka huohuo, viongozi wa Kinazi walikutana katika jumba moja la Wannsee, kando ya Berlin, kuratibu mpango wa kuwaangamiza Wayahudi wa Ulaya yote. Lubitsch hakuwa na habari ya kikao hicho, wala watazamaji wake.

Wahakiki wa wakati ule walikasirika, hasa kwa sababu ya mzaha mmoja ambamo afisa wa Kijerumani anamlinganisha mwigizaji mbovu anayeiharibu kazi ya Shakespeare na jeshi linaloiharibu Poland. Lubitsch alikataa kuuondoa. Kwa miaka iliyofuata hukumu imebadilika, na leo filamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa kazi zake bora. Sababu mojawapo ni mhusika mdogo aitwaye Greenberg, aliyeigizwa na Felix Bressart, Myahudi aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933. Greenberg ni mwigizaji wa nafasi ndogondogo anayeota siku moja kumwigiza Shylock, Myahudi wa tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Mabepari wa Venisi, katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969.

Mwanzoni ndoto ya Greenberg inachekesha. Lakini nafasi anayoisubiri inakuja mbele ya askari wenye bunduki, pale anapotakiwa kuwababaisha ili wenzake watoroke, na maneno ya Shylock kuhusu mwili unaoumia na kutoka damu kama wa mtu mwingine yeyote yanasemwa na mtu anayeweza kuuawa kwa kuyasema. Hakuna anayecheka tena.

Mizaha iliyokuwamo ndani ya kambi

Hoja kubwa ya wanaotetea ucheshi ni ya kihistoria: wahanga wenyewe walitania. Katika geto la Warsaw, mtaa ambamo Wayahudi walizungushiwa ukuta na kuachwa wafe kwa njaa na maradhi, mwanahistoria Emanuel Ringelblum aliongoza kundi la siri lililokusanya kumbukumbu za maisha ya kila siku. Pamoja na orodha za vifo na bei za mkate, aliandika pia mizaha iliyokuwa ikizunguka mitaani. Ringelblum aliuawa mwaka 1944. Sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo, zilizokuwa zimefukiwa ardhini, ilifukuliwa baada ya vita. Daktari wa magonjwa ya akili Viktor Frankl, manusura wa Auschwitz, aliandika mwaka 1946 kwamba ucheshi ulikuwa mojawapo ya silaha za nafsi katika kujihifadhi.

Upo pia mfano wenye uchungu zaidi. Katika kambi ya Westerbork nchini Uholanzi, wasanii mashuhuri waliofungwa, wakiwamo Max Ehrlich, Willy Rosen na Kurt Gerron, walitayarisha maonyesho ya muziki na vichekesho yenye ubora wa hali ya juu. Mkuu wa kambi alikuwa akihudhuria. Kwa kawaida siku za Jumanne, treni iliondoka hapo ikiwapeleka wafungwa mashariki, na wengi wao waliuawa Auschwitz au Sobibor. Wasanii walitumaini kwamba wanapoendelea kuchekesha, majina yao hayatawekwa kwenye orodha. Hatimaye wote watatu waliuawa Auschwitz mwaka 1944.

Mifano hiyo inathibitisha kwamba ucheshi ulikuwapo. Haithibitishi kwamba uliokoa maisha. Filamu nzuri kuhusu jambo hili huyashika mambo yote mawili kwa pamoja, na filamu dhaifu huling'ang'ania la kwanza na kulisahau la pili.

Redio ambayo haikuwapo

Pengine hakuna kazi iliyolielewa jambo hilo vizuri kuliko Jakob der Lügner, yaani Jakob Mwongo, ya mwandishi Jurek Becker. Becker alizaliwa Łódź, Poland, mwaka 1937, na utotoni alipitia geto la mji huo na kisha kambi za Ravensbrück na Sachsenhausen. Aliiandika hadithi hiyo kwanza kama mswada wa filamu. Mradi ulipokwama, akaigeuza kuwa riwaya iliyotoka mwaka 1969, na filamu ikafuata mwaka 1974 nchini Ujerumani Mashariki, chini ya uongozi wa Frank Beyer. Ndiyo filamu pekee ya nchi hiyo iliyopata kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Jakob, aliyekuwa na kibanda cha chakula kabla ya vita, anapelekwa usiku katika kituo cha polisi cha Wajerumani, na huko anasikia kwa bahati taarifa ya redio kwamba jeshi la Kisovieti linasonga mbele. Kesho yake anataka kumzuia kijana mmoja asihatarishe maisha kwa kuiba viazi, kwa hiyo anamweleza habari hiyo. Kijana haamini. Jakob anadai kwamba anayo redio, kitu ambacho adhabu ya kuwa nacho ndani ya geto ni kifo. Kuanzia hapo geto zima linamfuata: nini kipya, wamefika wapi, watakuja lini? Jakob analazimika kutunga habari kila siku. Watu waliokuwa wakijiua kwa kukata tamaa wanaacha kujiua.

Kichekesho kinachojulikana zaidi katika hadithi hiyo kinatokea chini kwenye stoo. Lina, mtoto yatima anayelelewa na Jakob, anataka kuisikia redio hiyo. Jakob anamkalisha upande mmoja, anajificha upande wa pili na kujigeuza kituo kizima cha utangazaji: mtangazaji, mhojiwa, bendi ya muziki na msimulizi wa hadithi za watoto. Mtazamaji anacheka kwa sababu ni redio mbovu kabisa. Anashikwa na simanzi kwa sababu ndiyo redio pekee waliyonayo.

Kisha deni linadaiwa. Jakob anapochoka kudanganya na kumwambia rafiki yake wa zamani, kinyozi Kowalski, kwamba redio haipo, Kowalski anajinyonga. Nafasi ya kinyozi huyo iliigizwa na Erwin Geschonneck, ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa wa kisiasa katika kambi za Wanazi na alinusurika meli ya Cap Arcona ilipozamishwa ikiwa na wafungwa tarehe 3 Mei 1945. Jeshi la ukombozi haliwahi kufika, na wakazi wa geto wanapakiwa kwenye mabehewa. Uongo wa Jakob uliwapa watu sababu ya kuishi, lakini haukuwapa maisha, na filamu haimwachi mtazamaji achague kimoja tu kati ya hayo.

Toleo la Marekani la mwaka 1999, lililoigizwa na Robin Williams, linaonyesha tofauti. Humo Jakob anageuzwa shujaa anayeuawa hadharani kwa kukataa kutangaza kwamba redio haikuwapo. Tendo hilo linapendeza na kuinua moyo. Hata hivyo, wahakiki wengi waliipokea filamu hiyo kwa ubaridi, kwa kuwa ilichukua mahali pa swali gumu la Becker na kuweka faraja.

Filamu iliyofungiwa kabatini

Mwaka 1972 mchekeshaji wa Marekani Jerry Lewis aliigiza na kuongoza The Day the Clown Cried, yaani Siku Mchekeshaji Alipolia. Inahusu mchekeshaji wa sarakasi wa Kijerumani anayefungwa na Wanazi, kisha anatumiwa kuwatuliza watoto wa Kiyahudi wanapopelekwa kwenye chumba cha gesi. Upigaji picha ulifanyika, lakini filamu haikuwahi kutolewa, na baadaye Lewis alisema hadharani kwamba anaionea haya. Aliikabidhi Maktaba ya Bunge la Marekani sehemu ya kazi hiyo kwa sharti kwamba isionyeshwe kabla ya mwaka 2024. Alifariki dunia Agosti 2017.

Wazo lenyewe halikuwa la kipuuzi. Wanazi kweli waliwadanganya wahanga hadi dakika ya mwisho, na mtu anayechekesha ili watoto wafe kwa utulivu ni picha ya kutisha kuhusu sanaa inayotumikishwa na wauaji. Lakini mwandishi au mwongozaji anayeingiza kamera hadi kwenye mlango wa chumba cha gesi amefika mahali ambapo hakuna manusura wa kumsahihisha. Karibu filamu zote zilizofaulu katika aina hii zimesimama kabla ya mlango huo.

Mchezo wa pointi 1,000

Mwongozaji aliyefikisha mjadala huu kwa umma mpana zaidi ni Roberto Benigni wa Italia. Filamu yake La vita è bella, yaani Maisha ni Mazuri, ilitoka nchini mwake Desemba 1997. Ilipata Tuzo Kuu ya Baraza la Waamuzi mjini Cannes mwaka 1998, na Machi 1999 ikashinda Oscar tatu, ikiwamo ya mwigizaji bora na ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ambayo Benigni alikwenda kuipokea akikanyaga migongo ya viti vya ukumbini. Baba yake Benigni, ambaye hakuwa Myahudi, alifungwa katika kambi ya kazi ya Wajerumani wakati wa vita, na Benigni ameeleza kwamba baba huyo aliwasimulia wanawe yaliyompata kwa namna ya kuwachekesha ili asiwatie hofu.

Nusu ya kwanza ya filamu ni futuhi ya mapenzi mjini Arezzo. Guido, Myahudi mchangamfu, anamwoa Dora na wanapata mtoto wa kiume, Giosuè. Huku nyuma sheria za ubaguzi wa rangi, ambazo Italia ilizitunga mwaka 1938, zinabana polepole. Kisha Guido na mwanawe wanachukuliwa. Dora, ambaye si Myahudi, anapanda treni kwa hiari yake ili asitengane nao. Ndani ya kambi Guido anamweleza mtoto kwamba yote hayo ni mashindano: atakayefikisha pointi 1,000 atapewa kifaru cha kweli.

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la tafsiri. Askari wa Kijerumani anatangaza amri za kambi na kuuliza nani anaweza kuzitafsiri kwa Kiitaliano. Guido hajui neno hata moja la Kijerumani, lakini anajitokeza. Kila ukali wa askari anaugeuza kuwa kanuni ya mchezo: atakayelia atapoteza pointi, atakayemtaka mama yake atapoteza pointi. Wafungwa wengine wanatazama bila kuelewa. Mtazamaji anaelewa pande zote mbili, na hapo ndipo kicheko kinapoumana na hofu, kwani amri halisi ambazo hazikutafsiriwa ndizo zitakazoamua nani ataishi.

Lawama zilikuwa kali. Walioipinga walisema kwamba kambi ya Benigni ni safi mno na ina ulegevu mno, na kwamba mtoto wa umri wa Giosuè asingeweza kufichwa humo. Takwimu zinawaunga mkono: kati ya Wayahudi zaidi ya 1,000 waliokamatwa Roma Oktoba 16, 1943 na kupelekwa Auschwitz, waliorudi ni 16, na hakuna mtoto hata mmoja miongoni mwao. Mel Brooks, mchekeshaji wa Kiyahudi aliyejijengea jina kwa kumdhihaki Hitler tangu filamu yake The Producers ya miaka ya 1960, alikuwa miongoni mwa walioikosoa. Kwake, kumcheka Hitler ni jambo moja, na kuifanya kambi kuwa jukwaa la mzaha ni jambo jingine.

Utetezi ulitoka mahali pasipotarajiwa. Imre Kertész, mwandishi wa Hungaria aliyepelekwa Auschwitz mwaka 1944 akiwa na umri wa miaka 14 na ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 2002, aliandika insha iliyouliza Auschwitz ni mali ya nani. Humo aliisifu filamu ya Benigni, akishikilia kwamba roho yake ni ya kweli ingawa mambo mengi ya juujuu si ya kweli. Wakati huohuo aliikosoa vikali Schindler's List ya Steven Spielberg, filamu ya mwaka 1993 iliyosifiwa kwa uhalisia wake. Kwa Kertész, ufanano wa majengo na sare haukutosha kuifanya filamu iwe na ukweli.

Kwa kipimo cha mtani, Benigni anabaki katikati. Analipa anapomfanya Guido auawe kichochoroni, nje ya macho ya mtazamaji, dakika chache baada ya kutembea kwa madaha mbele ya mtutu ili mwanawe aliyejificha acheke. Analipa pia katika tukio la daktari wa Kijerumani, rafiki wa zamani wa Guido aliyependa kushindana naye kwa mafumbo. Guido anadhani daktari atamwokoa, kumbe anachotaka ni msaada wa kufumbua fumbo linalomnyima usingizi. Humo mzaha wenyewe unashtakiwa, kwani kwa mwenye mamlaka umekuwa njia ya kutoona. Lakini asubuhi ya mwisho kifaru cha Marekani kinatokea, mtoto anapandishwa juu na mama yake anapatikana. Auschwitz ilikombolewa na Jeshi Jekundu la Kisovieti, Januari 27, 1945, na waliokutwa hai ni takriban watu 7,000, wengi wao wakiwa mahututi. Filamu haiitaji kambi yake kwa jina na inajitangaza kuwa ngano tangu mwanzo. Mtazamaji anayejua historia ataipokea kama ngano. Asiyejua anaweza kuondoka na picha isiyo sahihi.

Treni ya bandia na viatu vya mama

Kazi nyingine mbili zimepata namna tofauti za kulipa deni hilo. Train de vie, yaani Treni ya Uhai, ya Radu Mihăileanu, mzaliwa wa Romania anayefanya kazi Ufaransa, ilitoka mwaka 1998. Wanakijiji wa Kiyahudi wanasikia kwamba Wanazi wanakuja, na mjinga wa kijiji, Shlomo, anapendekeza wajihamishe wenyewe. Wananunua treni chakavu, wanashona sare, baadhi wanajifanya Wanazi na wengine wafungwa, kisha wanaelekea mpakani. Kwa karibu muda wote filamu ni kichekesho kitupu. Katika picha ya mwisho Shlomo anamaliza kusimulia jinsi wote walivyosalimika, kamera inarudi nyuma, na mtazamaji anamwona amevaa sare ya mfungwa nyuma ya seng'enge. Safari yote ilikuwa ndoto ya mtu aliye kambini. Sekunde chache hizo zinakibadilisha kila kicheko kilichotangulia.

Jojo Rabbit ya Taika Waititi, mwongozaji wa New Zealand ambaye mama yake ni wa asili ya Kiyahudi na baba yake ni Mmaori, ilitoka mwaka 2019 na kupata Oscar ya mswada bora uliotokana na kazi nyingine. Mhusika mkuu ni mvulana wa Kijerumani wa miaka 10 ambaye rafiki yake wa kufikirika ni Hitler, anayeigizwa na Waititi mwenyewe. Mama wa mvulana huyo anamficha msichana wa Kiyahudi nyumbani. Mwanzoni kamera inakaa mara kwa mara kwenye viatu vya mama: vinacheza, vinaruka, vinasimama usawa wa uso wa mtoto. Mtazamaji anavizoea kama alama ya uchangamfu. Baadaye mvulana anatembea uwanjani akimfuata kipepeo, anainua uso, na viatu vilevile vinaning'inia mbele yake. Filamu haionyeshi uso wa aliyenyongwa, kwa kuwa vichekesho vya saa nzima vimekwisha kumfundisha mtazamaji kuvitambua viatu.

Kicheko cha upande wa pili

Mjadala huu hauwezi kukamilika bila kukumbusha kwamba wauaji nao walichekesha. Gazeti la Kinazi Der Stürmer liliwachora Wayahudi kwa vibonzo vya dhihaka kwa miaka mingi, na mhariri wake, Julius Streicher, alihukumiwa kifo na mahakama ya Nuremberg na kunyongwa mwaka 1946.

Wasikilizaji wa eneo la Maziwa Makuu wanalijua hilo kwa karibu. Redio RTLM, iliyoanza kurusha matangazo Rwanda mwaka 1993, ilijipatia wasikilizaji kwa muziki, lugha ya mitaani na watangazaji wenye mizaha, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mahakama ya kimataifa iliyokuwa na makao yake Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wake wawili mwaka 2003. Huo haukuwa utani, kwa sababu utani huwa kati ya watu wanaotambuana kuwa sawa na watakaozikana. Mzaha wa RTLM ulilenga kumwondolea jirani utu wake kabla ya kumwondolea uhai.

Tofauti hiyo ndiyo inayofafanua kwa nini filamu za Lubitsch, Beyer na Mihăileanu haziwezi kuwekwa kapu moja na dhihaka. Ndani yake anayechekwa ni mwenye bunduki, au ni binadamu mwenye udhaifu unaofanana na wa mtazamaji. Mhanga hachekwi kwa kuwa mhanga.

Mbele ya darasa

Tangu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoazimia mwaka 2005, Januari 27 huadhimishwa kama siku ya kimataifa ya kuwakumbuka wahanga wa Maangamizi ya Wayahudi. Katika nchi nyingi siku hiyo shule huwaonyesha wanafunzi filamu, na mara nyingi huchaguliwa ya Benigni kwa sababu haiwatishi watoto. Mwalimu anayeichagua ana kazi ya ziada ya kueleza yaliyomo katika amri ambazo Guido hakuzitafsiri: nani alipelekwa wapi, wangapi walirudi, na kwamba Giosuè halisi, katika kambi kama hiyo, kwa kawaida asingeuona usiku wa kwanza. Wanafunzi ambao tayari wamempenda mtoto huyo na wamecheka na baba yake watakuwa wanasikia habari za watu wanaowafahamu, ambao vinginevyo wangebaki sehemu ya hesabu ya milioni sita.